Kimya Baada ya Shikamoo

Kila Jumatatu asubuhi tuliikuta simu ya ofisi imekufa. Waya haukuwa umekatika. Taa ziliwaka, na ukiinua mkono wa simu ulisikia mvumo wake wa kila siku. Lakini mteja aliyepiga tangu Jumamosi mchana alikuta laini zote zinatumika, na aliyebahatika kupenya aliambiwa na sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, kwamba sanduku la ujumbe limejaa. Tulipolifungua hilo sanduku hatukukuta la maana. Jumbe 100, na nyingi zake ni mlio mtupu: tuu, tuu, tuu, dakika tano nzima, halafu unaanza mwingine.

Ofisi ilikuwa ya wakala wa forodha, Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka bandarini, nami nilikuwa karani wa hati. Mwaka ulikuwa 2013. Wateja wetu wengi walikuwa mbali: Kigoma, Bujumbura, Lubumbashi, watu ambao mizigo yao hushushwa Dar kisha ikakaa siku nyingi barabarani kabla ya kuwafikia. Kwa mtu wa namna hiyo simu ya mwisho wa wiki si pambo la mezani. Kontena likipitisha siku zake bandarini linaanza kuhesabiwa pesa. Lori likifika mpakani na karatasi yenye kosa linasimama, na dereva anakula posho ya safari akiwa amekaa. Neno moja lililopotea Jumamosi tulikuja kulilipia Jumanne.

Walikwishakuja mafundi wawili. Wa kwanza aliuzima mfumo, akauwasha, akafuta zile jumbe, akaondoka. Ukafanya kazi mpaka Ijumaa. Tulipomwita tena alirudia yaleyale, na sote tukaamini kwamba kuzima na kuwasha ndiyo dawa. Wa pili alisema sanduku linajaa kwa sababu diski ni ndogo, akatuuzia kubwa zaidi. Halafu, kwa kuwa rekodi zilikuwa tupu, akapunguza muda ambao mashine humvumilia mtu aliyenyamaza, kutoka sekunde 10 hadi 3. Jumatatu iliyofuata sanduku lilijaa vilevile. Siwalaumu. Walikuja wakati wa kazi, mkurugenzi kasimama nyuma yao, na sisi wenyewe hatukuwapa nafasi ya kufanya ila kile kinachoonekana haraka.

Watatu alikuwa mzee. Alianza kazi Posta na Simu katikati ya miaka ya sabini, shirika lilipokuwa bado la nchi tatu, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Likabaki la nchi moja naye akabaki nalo, na lilipogawanywa mwanzoni mwa 1994, Posta kwake na Simu kwake, yeye akaenda upande wa simu mpaka alipostaafu. Alibeba mkoba wenye koleo, bisibisi, simu ya kupimia yenye vibanio viwili, kompyuta ndogo iliyochakaa, na daftari la shule la kurasa 96. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti. Mashine hakuigusa.

Alianza na dada wa mapokezi.

"Binti, hali hii ilianza lini?"

Dada akasema tangu mvua. Mlinzi akaunga mkono kwamba maji yameingia kwenye nyaya. Mzee hakubisha. Aliniomba kitabu ambamo dada aliandika malalamiko ya wateja, akanisomesha tarehe moja baada ya nyingine, naye akiziandika. Zilikuwamo za Februari, jua likiwaka na lami inalainika. Akaweka alama ndogo pembeni, na habari ya mvua ikaishia hapo.

Swali lake la pili lilikuwa hili: sanduku likijaa katikati ya wiki, inakuwaje? Dada akafikiri, akasema halijawahi kujaa katikati ya wiki, maana yeye yupo, anapokea. Na baada ya kuzima na kuwasha bila kufuta? Hapo hakuna aliyejua, kwa kuwa hatukuwahi kujaribu. Akaizima, akaiwasha, hakufuta kitu. Sanduku likabaki limejaa. Kwa dakika chache tu tulijua kwamba dawa tuliyoiamini kwa wiki saba ilikuwa maji matupu. Kilichotusaidia wakati wote ule kilikuwa kufuta.

Kisha akasema anataka kusikiliza rekodi. Nikamwuliza zipi. Akasema zote.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Jumbe 100, nyingi za dakika tano, si jambo la kumaliza kwa siku moja. Zile za mlio alizisikiliza mwanzo na mwisho tu, lakini hakuruka hata moja. Aliziba sikio moja kwa kiganja, la pili akalipa spika, macho kayafumba. Katika daftari alipiga mistari miwili ya wima, ukurasa ukawa na safu tatu: saa ambayo simu iliingia, kinachosikika, na kilichoikatiza. Mimi nilikuwa kijana, na moyoni niliona anapoteza muda. Nilidhani fundi hodari ni yule anayejua kabla ya kuangalia.

Baadaye, tukinywa chai, alinieleza alikojifunzia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye ekschenji, kituo cha kuunganishia simu, yenye mitambo ya Strowger, mitambo ya kupanda ngazi iliyobuniwa na mzika maiti mmoja wa Kansas City, aliyepewa hataza yake mwaka 1891. Ukizungusha namba, mkono wa chuma unapanda ngazi moja kwa kila pigo, kisha unazunguka kutafuta mahali pake. Ukumbi mzima unagonga. Fundi alipita kati ya safu za rafu akiwa ameinamisha kichwa, na mahali pa kosa alipajua kabla hajapaona, kwa sababu pale mdundo uliyumba. Mitambo ile ilikwisha kung'olewa. Sikio analo.

Na lilifanya kazi mbele yangu. Katika rekodi moja zilisikika kelele fupi fupi, mbili, tatu, mimi nikidhani ni kasoro ya laini. Akasema, "Huyu anabonyeza sifuri. Anatafuta mtu wa kuongea naye." Kila kitufe cha simu hutoa sauti mbili kwa pamoja, utaratibu ulioanzishwa na kampuni ya Bell huko Marekani mwaka 1963, sifuri ni hezi 941 na 1336, na mzee aliitambua kama unavyomtambua jirani kwa kikohozi chake.

Rekodi zenye mtu ndani yake hazikufika ishirini. Alizirudia. Moja ilikuwa ya mwanamke, sauti ya makamo, lafudhi ya Kigoma. "Hodi hapo ofisini." Kimya. Kata. Iliyofuata, dakika mbili baadaye, sauti ileile: "Hodi. Habari za hapo?" Kimya. Kata. Ya tatu alizungumza kwa kasi, pumzi imempanda, akitaja jina lake na kontena lake kwa wakati mmoja kama mtu anayekimbizwa, na ukimsikiliza unajua kwamba ameudhika na anajizuia asiseme. Ikaja ya kijana: "Shikamoo." Kimya. Kata. Hakurudi.

Mzee aliinua kiganja nisiendelee. Akairudisha ile ya kijana, mara mbili.

"Mwanangu," akasema, "huyu anangoja marahaba."

Nilihisi aibu, si kwa ajili yangu peke yangu bali kwa ajili ya ofisi nzima. Sote tulikwishazisikia rekodi hizo. Tuliziita mbovu na kuzifuta. Hakuna kati yetu, sisi tuliolelewa katika lugha hii, aliyesikia kwamba kimya kile kilikuwa cha adabu. Kwetu salamu si kifuniko cha mazungumzo kinachofunuliwa na kuwekwa kando. Ina pande mbili. Anayeamkia husimama mlangoni mpaka aitikiwe, na akinyimwa kiitikio anakuwa bado yuko nje, hana ruhusa ya kutaja lililomleta. Wateja wetu walikuwa wamesimama nje ya mlango, na baada ya sekunde tatu tukawafungia.

Mtu anaweza kusema kosa ni la walioitengeneza mashine, kwamba hawakutufikiria. Nimelitafakari sana hilo na sikubaliani nalo. Gordon Matthews, aliyeomba hataza ya mfumo wa ujumbe wa sauti mwaka 1979 na kupewa mwaka 1983, alikuwa Texas akishughulikia ofisi kubwa za huko, mahali ambapo mtu husema lake baada ya mlio na kwenda zake. Programu iliyokuwa ndani ya seva yetu ni Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn kule Alabama, kwa sababu mitambo ya simu za ofisi ilikuwa ghali mno kwake. Akaiachia bure, na kwa ajili hiyo hata ofisi ya vyumba vitatu jirani na bandari ya Dar es Salaam ikaweza kuwa na swichibodi. Ile sauti ya Kiingereza iliyowaambia wateja wetu kwamba sanduku limejaa ni ya Allison Smith, Mkanada. Hao wote walikuwa mbali na salamu zetu, ni kweli. Lakini katika mipangilio ya mfano inayokuja na programu hiyo, kimya kinavumiliwa sekunde 10, na sekunde 10 zinamtosha mtu kungoja, kugundua hajibiwi, kumeza mate na kuanza. Tatu tuliziweka sisi, tukitibu ugonjwa ambao hatukuwa tumeujua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye ule mlio. Jioni ofisi ilipofungwa, mzee alinituma barabarani na simu yangu ya mkononi. Nipige, nisikie sauti ikianza kuongea, nikate. Yaani nibipu, kama wanavyofanya watu wote wenye salio dogo: ukisikia mashine imepokea unakata upesi kabla pesa haijaenda. Yeye alibaki ndani, vibanio vya simu yake ya kupimia vimeuma nyaya mbili za shaba zinazoingia kutoka mtaani. Nilipiga na kukata mara kumi na mbili. Wauza kahawa walinitazama. Niliporudi alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sasa naweza kuiharibu nikitaka," alisema. "Nisipoweza kuiharibu kwa makusudi, sijaijua."

Kwenye laini za shaba zile, mpigaji akikata, hakuna anayeiambia mashine yetu kwamba ameondoka. Ekschenji inaleta tu mlio wa laini kushughulika, na ni juu ya mashine kuutambua na kukata. Mlio wa Marekani ni sauti mbili zilizochanganywa, hezi 480 na 620, nusu sekunde mlio, nusu sekunde kimya. Kisanduku chetu cha kuunganisha laini na seva kilitoka kiwandani kikiujua huo tu, na hakuna aliyekifundisha mwingine. Mlio uliofika kwetu, mzee alipoupima kwa kompyuta, ulikuwa sauti moja ya hezi 425, sekunde nzima mlio, sekunde nzima kimya. Kisanduku kikausikia, hakikuutambua, kikauchukulia kuwa mteja anayezungumza. Kikanyamaza na kumsikiliza mpaka dakika tano zilizowekwa kuwa ukomo zikaisha. Laini tulikuwa nazo nne. Watu wanne wakibipu ndani ya dakika tano, ofisi nzima imefungwa. Jumamosi na Jumapili wakibipu wengi, sanduku nalo limekwisha.

Ndipo nilipouona ubaya wote kwa pamoja. Mashine yetu ilikuwa inawakatiza watu na kuusikiliza mlio.

Nilitegemea kwamba sasa angebadilisha yote usiku ule, twende nyumbani. Alibadilisha jambo moja. Aliweka hezi 425, sekunde moja mlio, sekunde moja kimya, na kwamba mlio ukijirudia mara nne kisanduku kikate. Akaandika kwenye daftari tarehe, saa, thamani ya zamani na mpya, akafunga mkoba. Mkurugenzi alipomwuliza kwa simu kwa nini asimalize, alijibu kwa upole kwamba akigusa matatu kwa mara moja na hali ikapona, hatajua lipi liliponya, na ikiharibika hatajua lipi liliharibu. Mkurugenzi hakufurahi. Tulikuwa tumekwishapoteza Jumatatu saba, naye alikuwa na haki ya kukosa subira. Mzee alingoja hata hivyo. Nimewaona wengi wenye ujuzi; wenye ujuzi na uwezo wa kuvumilia kuonekana wazembe kwa wiki tatu ni wachache sana.

Jumatatu ya kwanza laini zilikuwa huru. Sanduku halikujaa, ila lilikuwa na jumbe kiasi cha sitini za sekunde chache chache, mlio mtupu. Mzee alizisikiliza. Salamu ya Kiingereza ilikuwa fupi. Mtu alipokata, mashine ilimaliza kuongea, ikaanza kurekodi, na ndipo ikahesabu milio minne na kukata. Nilipendekeza tuiamuru itupe kila ujumbe usiozidi sekunde 10. Alitikisa kichwa. "Mama mgonjwa, rudi. Hizo ni sekunde ngapi?"

Wiki ya pili alirudisha uvumilivu wa kimya kwenye sekunde 10, basi. Jumatatu tulimsikia mzee mmoja wa Bujumbura akisalimu, akingoja, akisema "haya" kwa sauti ya chini, kisha akieleza shida yake yote mpaka mwisho.

Wiki ya tatu alimgeukia dada wa mapokezi. Alitaka salamu mpya, kwa Kiswahili, kwa sauti yake. Dada aliandika maneno ya kiofisi, akayasoma kama taarifa ya habari. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwuliza: mgeni akija pale mlangoni, mtu mzima, unamwambiaje? Dada akacheka. Akaiweka karatasi chini, akasema bila kusoma: "Karibu. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu hamjambo? Kwa sasa ofisini hatupo, lakini salamu zako tumezipokea. Ukisikia mlio, tuambie jina lako, mzigo wako na namba yako, nasi tutakupigia Jumatatu asubuhi."

Ilichukua sekunde kumi na tano na kidogo. Milio minne ya ekschenji huchukua nane. Kwa hiyo anayebipu, akikata mara tu anaposikia "Karibu", mashine inakwisha kumjua na kuiachia laini kabla dada hajafika kwenye jina na mzigo, na hakuna kinachorekodiwa. Nilimwuliza mzee kama aliipanga tangu mwanzo, kwamba salamu ndefu ndiyo itakayosafisha sanduku. Alisema aliianza kwa ajili ya wale waliosimama nje, na hesabu aliiona alipokuwa akipima urefu wa rekodi. Namwamini. Naona pia kwamba asingeiona kama asingekuwa amekaa na rekodi zile siku mbili, kiganja sikioni.

Kabla hajaondoka aliliacha lile daftari ndani ya kabati la seva, juu ya diski kubwa ambayo hatukuihitaji. Ukurasa wa mwisho una mambo matatu aliyoyabadilisha, sababu ya kila moja, na namna ya kuyarudisha yalivyokuwa. Chini aliandika kwamba kosa likirudi, fundi ajaye aanze kwa kusikiliza rekodi kabla ya kuzima chochote. Hakuweka jina lake.

Baadaye mwaka huohuo WhatsApp ilileta kitufe cha kutuma sauti, na siku hizi hata wateja wa Kigoma hutuma sauti zao huko, wala hawahitaji sanduku la ofisi. Nimetoka katika kazi ile. Lakini kila mtu mzima anaponitumia sauti, nalisikia lile pengo dogo baada ya "hujambo", mahali ambapo ananipa nafasi niitikie ingawa anajua sipo, na kidole chake kinashikilia kitufe kwa subira mpaka nafasi hiyo ipite. Hakuna anayemhesabia.

Jumatatu ile ya tatu dada alifungua sanduku mbele yetu sote, mzee akiwa amesimama karibu na mlango na mkoba wake begani. Zilikuwa jumbe tano. Ya kwanza ilikuwa ya yule mama wa Kigoma. Ulisikika mlio wa kuanza kurekodi, kisha pumzi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."

Akanyamaza. Tulihesabu kimoyomoyo, nadhani sote: mbili, tatu, nne, tano. Kisha akataja jina lake taratibu, na kontena lake tarakimu kwa tarakimu, akasema gari limekwama kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa vibaya, akatuombea siku njema, akatuma salamu kwa binti aliyemkaribisha. Halafu mlio wa ekschenji, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, na laini ikakatika.